Kutoka Dar hadi Kintinku na Watoto Garini: Vidokezo vya Safari ya Desemba

Shule zikifungwa Desemba, Dar es Salaam inaanza kuhama. Wa Moshi wanaelekea Moshi, wa Bukoba wanafunga mizigo ya Bukoba, na sisi tuliozaliwa au kuolewa upande wa Kintinku tunaanza kuulizana: mwaka huu mnakwenda na gari?

Kwa asiyepajua, Kintinku iko wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, kwenye tambarare ya Bonde la Ufa, ukishavuka Bahi na kabla hujapanda mlima wa kwenda Manyoni mjini. Reli ya Kati inapita hapo, na barabara kuu ya Dodoma–Singida pia. Kutoka Dar ni kama kilomita 540. Dereva aliye peke yake anazimaliza kwa siku moja na jioni anakwenda kuangalia mpira. Gari lenye mtoto wa miaka miwili, binti wa kidato cha pili na bibi anayesumbuliwa na magoti linahitaji mpango wake, na vidokezo hivi ni vya gari hilo.

1. Anza kuhesabu kutoka Kintinku, siyo kutoka Dar.

Familia nyingi hupanga saa ya kuondoka, kisha saa ya kufika wakamwachia Mungu. Geuza. Desemba jua huzama Kintinku saa 1 jioni kasoro dakika chache, robo saa hivi baada ya kuzama Dar. Lakini usipange kufika jua linapozama. Kuanzia saa 11 jioni ng'ombe, mbuzi na punda wanarudi kutoka malishoni, na upande wa Bahi na Kintinku wanakatiza barabara makundi kwa makundi. Saa hiyohiyo unaendesha kuelekea magharibi na jua limekukaa machoni. Mambo hayo mawili yakikutana, hata dereva mzoefu anaona kivuli tu mbele yake.

Kwa hiyo panga kufika saa 10 na nusu. Hapo rudi nyuma. Dodoma mtoke saa 9 alasiri. Ili mle na kupumzika saa nzima Dodoma, muwe mmeingia saa 8. Gairo mpite saa 5 na nusu asubuhi. Morogoro mtoke saa 3 na nusu mkiwa mmeshakunywa chai. Basi Dar mnaondoka saa 11 alfajiri, na hii maana yake ni kwamba mizigo inapakiwa jioni iliyotangulia na dereva yuko kitandani saa 3 usiku. Mpango wote unasimama juu ya hiyo saa 3 usiku. Dereva aliyeshinda akifunga maturubai hadi saa 7 usiku asiondoke alfajiri. Aondoke siku inayofuata, na asilaumiwe na mtu.

2. Ukishindwa kutimiza saa hizo, lala Dodoma.

Nalisema mapema kwa sababu watu hulikumbuka wakati wamechelewa. Mkiingia Dodoma saa 11 jioni, msiendelee. Kintinku iko chini ya kilomita 100 mbele, na huo ukaribu ndio unaowaponza wengi. Desemba Bunge kwa kawaida halikai, vyumba vinapatikana kirahisi kuliko miezi ya vikao. Mpigie simu Babu mwambie mtafika kesho saa 4 asubuhi. Atalala usingizi mzuri kuliko mkimwambia mko njiani usiku.

3. Chagua siku, siyo tarehe tu.

Ulaya kuna safari inayofanana na hii yetu kwa mambo mengi. Familia za Uingereza na Uholanzi hupakia watoto, mablanketi na chakula, wakaivuka Ufaransa hadi milima ya Alps kwenda kuteleza kwenye theluji. Tabu yao kubwa ni Jumamosi. Nyumba za kupanga kule milimani hubadilisha wageni siku hiyo, kwa hiyo maelfu ya magari huingia na kutoka kwa pamoja. Tangu 1976 Wafaransa wana huduma ya taifa iitwayo Bison Futé inayotangaza mapema hali ya barabara kwa rangi: kijani, chungwa, nyekundu, na nyeusi kwa siku mbaya kabisa. Mwenye akili huangalia rangi kwanza ndipo aombe likizo.

Sisi hatuna tangazo la rangi, lakini rangi zenyewe tunazijua. Tarehe 22, 23 na 24 Desemba ni nyeusi kuanzia Kimara hadi Chalinze. Chalinze wa Tanga, Kilimanjaro na Arusha wanapinda, Morogoro wa Iringa na Mbeya nao wanashika njia yao, na kuanzia hapo msongamano unapungua kidogo. Ukiweza ondoka katikati ya wiki, siku chache baada ya shule kufungwa. Mzazi asiyepata likizo mapema anaweza kutanguliza familia kwa treni, na habari za treni ziko kwenye kidokezo cha 13.

4. Tairi kwanza, mengine baadaye.

Fundi atakuangalizia oili, maji ya rejeta, mkanda wa feni, breki na betri, na hayo yote ni ya lazima. Tairi zikague mwenyewe. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinaweza kuwa na kashata nzuri, weusi unang'aa, kumbe mpira umezeeka na una nyufa ndogondogo. Mpira wa namna hiyo hauvumilii lami ya mchana ya Dodoma ukiwa umebebeshwa watu saba na magunia.

Upepo ujazwe tairi zikiwa zimepoa, yaani asubuhi kabla ya kutembea. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi mlangoni kwa dereva, na magari mengi yana vipimo viwili: cha gari tupu na cha gari lililojaa. Wewe umejaa. Spea tairi nayo ijazwe, na hakikisha jeki na spana ya magurudumu viko juu ya mizigo. Kushusha nusu ya gari kando ya barabara huko Dumila, malori yakipita, watoto wakizurura, ni hatari isiyo na sababu.

Kule Alps sheria ya Ufaransa inataka tairi za baridi au minyororo katika maeneo mengi ya milimani kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi. Kwetu askari ataulizia leseni, bima, pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto. Angalia pia kama gari lina deni la faini kwenye mfumo wa polisi, ulimalize nyumbani kwa simu kabla hujaulizwa barabarani.

5. Mafuta jaza Dar, kisha Dodoma.

EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ukisoma orodha yake utaona bei inapanda kadiri mji ulivyo mbali na bandari. Jaza tangi Dar. Dodoma ongeza, ili ukifika Kintinku uwe na mafuta ya kuzunguka kwa ndugu, na akiba ikitokea mtu wa kukimbizwa hospitali usiku.

6. Mkanda kwa kila mtu, na mtoto asipakatwe.

Hapa sitanii wala sibembelezi. Mtoto mchanga aliyepakatwa anaonekana salama kuliko wote garini, kumbe ndiye aliye hatarini zaidi. Gari likisimama ghafla hata kwa mwendo wa 50, hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika. Viti vya watoto vinauzwa madukani, vipya na vya mtumba. Cha mtumba vuta mikanda yake yote, kagua kifungo, na kikiwa na ufa kiache. Anayekaa nyuma anafunga mkanda sawasawa na wa mbele, Bibi akiwemo. Watoto wenye umri wa kuelewa wapewe kazi ya kukagua: gari haliwashwi mpaka mkaguzi amesema tayari.

7. Panga viti kwa kufuata jua.

Kidokezo hiki hakigharimu hata senti. Mnaelekea magharibi, kwa hiyo kusini iko kushoto kwenu. Desemba jua letu liko upande wa kusini mwa anga, hivyo kuanzia asubuhi hadi alasiri linapiga madirisha ya kushoto. Bibi na mtoto mdogo wakae kulia, nyuma ya dereva. Kijana mwenye nguvu akae kushoto, na dirisha lake litundikwe kitenge. Januari mkirudi mashariki, mnabadilishana.

Dereva awe na miwani ya jua karibu na mkono, siyo ndani ya begi, na kioo cha mbele kisafishwe Dodoma, ndani na nje. Kioo chenye wadudu na vumbi, kikipigwa na jua la alasiri baada ya Bahi, kinageuka ukuta mweupe.

8. Simameni kabla ya kuchoka.

Wafaransa wanawasisitizia madereva wao wapumzike kila baada ya saa 2, na barabara zao kuu zina maeneo ya mapumziko yenye vyoo na bustani. Sisi hatuna bustani njiani lakini tuna miji, na miji hii imekaa vizuri kwa mapumziko ya watoto.

Chalinze: msisimame, isipokuwa kwa choo. Kuna msongamano na watoto bado wamelala. Kama ni msimu mzuri, nanasi za Kiwangwa zipo kando ya barabara. Nunueni mbili tatu za kupeleka, maana Kintinku nanasi ni zawadi.

Morogoro: hapa ndipo pa chai na saa nzima ya miguu. Waamsheni watoto kabla ya kuingia mjini waione milima ya Uluguru ikiwa na mawingu kichwani. Bibi atembee polepole kuzunguka gari, akunje na kukunjua magoti. Kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu kunavimbisha nyayo za wazee, na kwa mwenye historia ya damu kuganda ni hatari kabisa.

Dumila na Magubike: pita. Baada ya Dumila barabara inaanza kupanda kuelekea milima ya Kaguru. Ni sehemu ya kona na malori yanayojikokota, dereva asikatishwe na maswali.

Gairo: simameni dakika 20. Mko juu sana kuliko Morogoro na hewa ina baridi, hivyo masweta yawe karibu. Mahindi ya kuchoma yakiwepo, ndiyo mahali pake.

Kibaigwa: lango la soko kubwa la mahindi, malori yanaingia na kutoka kila upande. Punguza mwendo, endelea.

Dodoma: chakula cha mchana. Msiokuwa na shida ya mjini ulizeni hali ya barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3. Inagusa Nala, na Nala ndipo inapopita barabara ya Singida, kwa hiyo kipande chake kinaweza kuwaepusha na foleni za katikati ya mji.

Bahi: mko nyumbani. Mmeteremka kutoka zaidi ya mita 1,100 za Dodoma hadi chini ya mita 900, na joto mtalisikia. Majaruba ya mpunga yanaonekana kando ya barabara. Waacheni watoto wafungue vioo.

9. Chakula cha njiani kiwe kikavu na kidogokidogo.

Chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha. Maziwa na vyakula vyenye mafuta mengi viacheni, hasa kwa mtoto anayetapika garini. Huyo akae mahali anapoona barabara mbele, asipewe simu wala kitabu, apate biskuti kavu na kipande cha tangawizi, na kama kuna dawa mfamasia alishawapa, anywe kabla ya safari, siyo baada ya kutapika. Mifuko isiyovuja iwe mlangoni. Maji ya kunywa bebeni mengi kuliko mnavyodhani.

10. Simu zikiisha chaji, barabara ina michezo.

Mchezo wa kwanza ni wa mikoa: mnapita mitano, Dar es Salaam, Pwani, Morogoro, Dodoma na Singida, na anayeona bango la mpaka kwanza anapata pointi. Wa pili ni wa namba za magari. Njano ni binafsi, nyeupe ni biashara. Malori ya Rwanda yanaanza na herufi R, na mtayaona njia nzima kwa sababu hii ndiyo njia yao ya Rusumo. Ya Zambia mtayaacha Morogoro, kwa hiyo muulize kijana wako yamekwenda wapi na kwa nini, atajifunza jiografia bila kujua. Wa tatu unaanza baada ya Dodoma: kuhesabu mibuyu. Atakayesinzia amepoteza.

Wakubwa kidogo waambieni habari za reli. Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla ya lami ya Dodoma–Manyoni, Kintinku ilikuwa stesheni kwanza, kijiji cha barabarani baadaye. Babu anajua habari za treni za abiria kuliko kitabu chochote. Mwambieni mjukuu aandae maswali matatu ya kumuuliza.

11. Malori: subira na macho yako mwenyewe.

Barabara hii inabeba mizigo ya Rwanda, Burundi na sehemu ya Kongo. Dereva wa lori aliye mbele anaweza kukuwashia taa ya kuashiria upite. Ni wema wake, lakini yeye haoni gari lako lina nguvu kiasi gani na limebeba watu wangapi. Ukiwa huoni mwenyewe barabara nyeupe mbele, baki nyuma yake. Gari lililojaa linahitaji nafasi ndefu kuliko ile uliyoizoea ukienda kazini peke yako.

Mwisho wa mwendo katika makazi ni kilomita 50 kwa saa. Vijiji viko vingi, hasa Gairo hadi Dodoma, na askari wenye tochi wapo. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, lakini mimi sipunguzi mwendo kwa ajili ya faini. Desemba watoto wa vijiji hivyo nao wamefunga shule, na wanacheza hatua chache tu kutoka kwenye lami.

Ukiona matawi ya miti yamelazwa barabarani, kuna gari limekwama mbele. Punguza mara moja. Mfundishe na kijana anayejifunza udereva. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku kucha, kwa hiyo hata ile saa 11 alfajiri usitegemee barabara iko tupu.

12. Mvua ikikata njia, ngoja.

Dodoma na Singida zina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na Desemba mara nyingi ndipo zinapokolea. Barabara hii ina kumbukumbu zake. Januari 2014 mafuriko ya Dumila na Magole yaliharibu daraja na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Machi 2020 daraja la Kiyegeya wilayani Gairo lilivunjika, na Dodoma ikatengana na Morogoro. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku mbili kabla, kisha mpigie mtu aliyepita njia hiyo jana.

Maji yakipita juu ya barabara, usiyapime kwa gari lenye watoto, hata kama Noah iliyo mbele yako imepita. Maji ya makorongo huja kwa kishindo na huondoka haraka. Saa 2 za kusubiri zinalipwa na akiba uliyoiweka ulipoondoka mapema.

Mkiacha lami kuingia vijijini, udongo wa tambarare ile ni mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka unapasuka, ukilowa unashika tairi haliondoki. Gari dogo liegesheni kwa ndugu aliye karibu na barabara kuu, mizigo ikapelekwa na bodaboda au mkokoteni wa ng'ombe. Watoto wataufurahia mkokoteni kuliko safari nzima ya gari.

13. Fikiria kugawana: wengine treni, wengine gari.

Treni ya umeme ya SGR ilianza kupeleka abiria Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na imebadilisha hesabu za safari hii. Huduma ya haraka inatumia chini ya saa 4 kutoka Dar. Ilipoanza, nauli ya treni ya kawaida ya Dar–Dodoma ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Kwa Bibi mwenye magoti, mjamzito, au mtoto anayetapika kila kona, hakuna gari binafsi linaloshindana na hilo.

Fanyeni hivi: watu wazima wawili wanaendesha gari na mizigo, waliobaki wanapanda treni ya asubuhi, mnakutana Dodoma mkala pamoja na kumalizia kilomita za mwisho mkiwa wote. Gari likiwa na watu wawili tu, madereva hupokezana na mmoja anasinzia kwa amani. Tiketi za wiki ya Krismasi zikatwe mapema sana, na vitambulisho visisahaulike. Reli yenyewe imejengwa kupita Bahi hadi Makutupora, jirani kabisa na Kintinku, kwa hiyo wajukuu wa baadaye huenda wakawa na habari tofauti na hii yetu.

14. Uliza nyumbani kumepungukiwa nini kabla ya kununua zawadi.

Msibebe mchele. Mnakwenda kwenye nchi ya mpunga, na mchele wa Bahi ndio mtakaotamani kurudi nao. Lakini msidhani pia kwamba ghala limejaa. Desemba ni mwezi wa kulima, mavuno ya mwaka uliopita yanaelekea ukingoni na mapya yako mbali. Shangazi hatasema kwenye simu kwamba chakula kimepungua. Muulizeni kwa njia ya heshima: "Shangazi, tukija na maharage na sukari vitafaa, au tulete kitu kingine?" Sikilizeni anavyojibu. Nazi, dagaa, mafuta ya taa, sabuni, betri za tochi, dawa za presha za Babu kwa miezi mitatu: hizi ni zawadi zenye maana. Mbegu za alizeti, mtama na uwele nazo, kama mtafika kabla hawajamaliza kupanda.

Na hapo niseme wazi ninaloliamini sana. Likizo yetu ya Desemba inaangukia kwenye siku zao za kazi nzito kuliko zote. Tukienda familia nzima tukakaa kivulini tukisubiri kuku achinjwe, tumewaongezea mzigo wakati wa kilimo. Bebeni majembe yenu, au angalau nguo za shambani. Asubuhi tatu za vijana wa Dar wakipalilia au kupandikiza mpunga na binamu zao zitafanya zaidi ya bahasha, na watoto hawatazisahau.

15. Siku ya kwanza iwe ya salamu, kivuli na maji.

Garini wafundisheni watoto kusema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, waiamkie nyumba nzima kabla hawajakimbilia mbuzi. Shikamoo kwa wazee iende na mikono miwili. Ugali wa uwele na mlenda waonje bila kukunja uso, na hilo mliongee kabla ya kufika.

Maji ya kunywa ya siku mbili za mwanzo tumieni mliyobeba, baadaye chemsheni. Mradi wa maji wa Kintinku–Lusilile, uliopangwa kwa vijiji 11, umekuwa habari kubwa hapa kwa sababu maji ya visima vingi ya tambarare hii yana chumvi, na matumbo yaliyozoea maji ya mjini huyashangaa. Vyandarua viwe vya kutosha watu wote, wageni na wenyeji. Kituo cha afya kipo Kintinku penyewe, na juu ya mlima, Kilimatinde, kuna hospitali kongwe ya Kanisa Anglikana. Kadi za bima na kliniki za watoto zikae sehemu moja inayojulikana na watu wazima wote.

16. Kurudi nako ni safari.

Nguvu zote hutumika kwenda, na kurudi kunafanywa kwa haraka, dereva akiwa amechoka na sherehe, usiku wa kuamkia kazini. Rudini siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Saa ya kuondoka Kintinku iwe alfajiri ileile ya saa 11, mkijua jua la asubuhi sasa liko mbele yenu hadi Dodoma na upande wa moto ni kulia. Upepo wa tairi upimwe upya, maana mtarudi na mchele, ubuyu, mafuta ya alizeti na asali ya Manyoni, na gari litakuwa zito sawa na lilivyokwenda. Kuku wa Mjomba wapokeeni kwa mikono miwili, muwachinje na kuwakausha hukohuko. Safari ya saa 11 na jogoo aliye hai chini ya kiti cha nyuma haimfai jogoo wala mtoto.